Pudini ya Mgeni

Tangu mwezi wa Juni, Nyabate alipoolewa kutoka Nyamira, nchi ya Kisii, na kuletwa huku Kericho katikati ya mashamba ya majani chai, jina lake lilikuwa Mgeni. Halikuwa tusi. Mama mkwe wake, Chepchumba, alimwita hivyo kwa upole wote, huku akimvutia kile kiti chenye kitambaa cha kufuma ambacho wengine walikikalia kwa ruhusa. Mgeni, kaa. Mgeni, usiinuke. Winny, letea mgeni chai. Miezi sita mtu anakaa tu. Nyabate alilelewa akipika, akiosha na kupigizana kelele jikoni na dada zake wanne, na sasa makalio yalikuwa yanamuuma kwa heshima.

Kila alipojaribu kushika hata mwiko, ulinyakuliwa kabla haujapata joto la mkono wake. Kiplimo, mumewe, alimwambia asubiri, mambo yatajipanga. Ni rahisi kumwambia mtu asubiri kama si wewe unayesubiri.

Basi mwanzoni mwa Desemba akajikaza, akaomba kitu kimoja: siku ya Krismasi apike pudini ya ndizi, ile ambayo mama yake, Mokeira, huwapikia kila mwaka. Chepchumba alimpima kwa macho.

"Moja tu," alisema. "Tukikula iishe, tutaongea mambo ya jikoni. Ikibaki, utakaa kwa kiti yako na utulie. Sawa?"

"Sawa, Mama."

Sasa, Nyabate ana ugonjwa mmoja. Akishikwa na wasiwasi, anacheka. Alicheka kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari, akacheka mbele ya madhabahu mpaka pasta akasimama kumngojea. Baada ya ile "sawa" alitoka mbio, akajificha nyuma ya zizi na kucheka hadi ng'ombe wakaacha kula.

Pudini yenyewe haina makuu. Ndizi zilizoiva kupita kiasi, mkate wa jana, mayai, sukari guru, na malai. Malai ndiyo roho yake. Kila jioni, maziwa yakishachemka na kupoa, wifi yake Winny alimwengulia ule utando mzito wa juu, na kufikia Jumapili bakuli la plastiki lilikuwa limejaa. Wakalifunika kwa sahani, wakaliweka kwenye rafu ya stoo, kwenye baridi ya kutosha. Nyabate hakwenda kulichungulia tena, maana mgeni haendi kuchunguza stoo ya watu.

Alhamisi asubuhi, Krismasi yenyewe, aliingia stoo akalikuta bakuli limeoshwa, limefudikizwa, linang'aa.

"Mama," aliuliza polepole akirudi jikoni, "ile malai yangu?"

Chepchumba aligeuka na uso wa mtu aliyetenda jambo jema na amekuwa akingoja kuulizwa.

"Niliiokoa. Nilipata mmeweka kwa plastiki. Plastiki, mgeni. Sisi hatuwekangi maziwa kwa plastiki. Jumapili jioni nikaitafutia nyumba yake."

Akaonyesha ukutani. Pale kilining'inia kibuyu chake cha mursik, maziwa ya mgando ya huku, kile kibuyu bora ambacho hata Kiplimo hakuruhusiwa kukigusa. Ndani yake kilisuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, na maziwa yakilala humo siku nne hutoka yameganda, machachu, ya kijivu, yananukia moshi. Wenyewe huyanywa na ugali na kushukuru Mungu. Lakini hakuna aliyewahi kuyatia kwenye pudini ya ndizi, si Nyamira, si Kericho.

Nyabate alisimama akikitazama kibuyu. Angeweza kuomba maziwa mapya, na angepewa. Ila kukikataa kibuyu kile mbele ya Chepchumba kungekuwa kumkataa Chepchumba mwenyewe, na kukitumia kungekuwa kupeleka mezani pudini ya rangi ya jivu, siku ile ile ambayo ilipaswa kuliwa ikaisha. Akahisi kicheko kinapanda kutoka tumboni.

"Unacheka nini?" Chepchumba aliuliza.

"Nimefurahi, Mama."

Akakitungua kibuyu. Malai yalitoka taratibu, mazito, yenye vipunje vyeusi. Akaonja kwa kidole, akafumba jicho moja. Kisha akaongeza sukari guru mara mbili, yai moja, ndizi tatu, na sala fupi. Akamimina yote juu ya mkate kwenye sufuria, akaweka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko.

Winny alikuja kuchungulia.

"Wifi, hiyo kitu inakaa kama simiti."

"Winny, tafadhali usinichekeshe."

Ombi lilikuwa limechelewa. Walicheka mpaka Winny akaangukia gunia la viazi, na kila mmoja alipoanza kutulia, mwenzake alisema "simiti" wakaanza upya.

Baada ya kanisa walikaa mezani. Baba mkwe, Aron, si mtu wa maneno isipokuwa anapoomba. Hapo husema ya mwaka mzima. Aliombea mvua, ng'ombe, bei ya majani, walio safarini. Mwishoni akafumbua jicho moja kutazama chakula, akaiona pudini ya kijivu, akalifumba jicho tena.

"Na hii pia, Bwana," alisema kwa sauti ya chini. "Hii uibariki sana."

Nyabate alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka. Winny akafuata. Kiplimo akafuata. Halafu, kutoka kichwa cha meza, ikasikika sauti ya kukoroma puani, naye alikuwa Chepchumba mwenyewe, machozi yanamtoka, anajaribu kusema amina na haitoki.

Aron akajipakulia wa kwanza. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Nyabate, kwa mara ya kwanza maishani, alikosa kicheko alipokihitaji. Aron alijipakulia tena, na mara ya tatu akaivuta sufuria yenyewe karibu naye.

"Baba, na sisi?" Kiplimo akasema, akainuka.

Ilikuwa tamu, jamani. Uchachu ulikuwa umekutana na ndizi na sukari guru, na moshi ukawa unabaki ulimini kama joto la jiko. Haikuwa pudini ya Mokeira hata kidogo, na Nyabate hakujali. Waligombania ukoko. Chepchumba alikula wa mwisho, polepole, amefumba macho.

"Mama, hii ni pudini ya Kisii?" Winny alimchokoza.

"Ya Kisii gani? Tulipika sisi wawili. Mimi nilitengeneza maziwa."

Akasimama, akaichungulia sufuria. Ilikuwa tupu. Akatazama vyombo vilivyorundikana, kisha akamtazama mkazamwana wake, ambaye kwa mazoea alikuwa bado ametulia kwenye kiti chake cha kitambaa.

"Winny, wewe kaa," alisema. "Nyabate, unakalia nini hapo? Hizo sufuria zitajiosha?"

Nyabate alikuwa amefika jikoni kabla swali halijaisha. Aliosha kila chombo, hata vilivyokuwa safi, akicheka peke yake, na hakuna aliyemuuliza anacheka nini.