Gauni la Binti wa Fundi Jicho

Walimwita Fundi Jicho, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Mteja akiingia dukani, hata salamu haijaisha, yeye ameshajua kiuno chake, mabega yake na urefu wa mkono. Futi ya kupimia aliivaa shingoni kuwaridhisha watu tu.

Lakini mwaka huo alikuwa amechoka, jamani, uchovu wa kuingia mifupani. Kutwa anakanyaga cherehani, mgongo unawaka moto, na kila mguu ulipotulia, mkono ulikuwa umeshaifuata simu. Ati anapumzika! Ataangalia jiko la mtu asiyemjua, harusi ya mtu asiyemjua, ugomvi wa watu wasiojua hata kama yupo duniani, kisha arudi kazini amechoka kuliko mwanzo. Wifi yake, aliyeshona naye chumba kimoja, alimtania kwamba simu ile ingekuwa na mdomo angeinyonyesha. Fundi Jicho alicheka, macho yakiwa hukohuko kwenye simu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Binti yake alikuwa amechaguliwa kuimba peke yake mbele ya shule nzima. Siku zote hizo alizunguka cherehani akijaribu wimbo wake, akimwomba mama amsikilize, na mama akajibu "eeh, vizuri" bila kuinua kichwa. Gauni la siku hiyo alilikata kwa jicho, kama ilivyo kawaida yake. Nani apoteze muda kumpima mtoto aliyemzaa mwenyewe?

Asubuhi ya siku yenyewe gauni likagoma. Mabega yalibana, zipu haikupanda, na pindo likakaa juu ya magoti. Wifi aliacha kutunga uzi. Fundi Jicho aliona aibu, aibu ya kweli, maana jicho lake halikuwa limekosea hata kidogo. Lilikuwa limemkatia mtoto wa mwaka jana, yule ambaye mama alimtazama sawasawa mara ya mwisho.

Kitambaa kilichobaki kingetosha kuongeza ubavuni na pindoni, ila waanze sasa hivi. Akamwambia binti ainue mikono, akapitisha futi kifuani. Hapo simu ikatetemeka mfukoni, na mkono ukaenda wenyewe, wala hakuutuma. Futi ikaanguka chini.

Binti alishusha mikono, akavuta kigoda, akakaa. Hakununa. Alikaa kama wanavyokaa wateja wanaoijua foleni.

"Maliza tu, mama," alisema. "Nitasubiri."

Upole ule ulimchoma Fundi Jicho kuliko tusi. Aliizima simu bila kuisoma, akamkabidhi wifi, akamwambia asimpe mpaka kazi iishe, hata akilia machozi. Wifi akaitia kwenye kopo la vifungo, akafunika, akalikalia. Vidole vya fundi vilibaki vinamwasha, na kichwa kikaendelea kujiuliza ni nani aliyeandika. Alitamani kuomba radhi, lakini alikuwa amechoka mno kutafuta maneno. Akaokota futi.

Alipima taratibu, kama mwanagenzi: bega, kifua, kiuno, mkono. Hakuna kipimo hata kimoja kilichokubaliana na jicho lake.

"Umekua lini hivi, mwanangu?"

"Nilikuwa hapahapa, mama."