Kuni Zilizokataa Kuwaka

Alhamisi ile nilipofika Mnyambe ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya mikorosho. Bibi Bertila alinipokea mlangoni akiwa ameshika sufuria kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unuse unga wa jana."

Nikainama. Ndani kulikuwa na unga wa muhogo, lakini haukuwa mweupe. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, na ulinukia kama karanga za kukaanga.

"Umeukaanga?"

"Si ulisema mwenyewe? Joto linaharakisha." Alicheka, akafunika sufuria. "Jua la wiki hii liko wapi? Nikasema basi, jua langu liko jikoni."

Nilikaa kwenye kigoda kabla hajanikaribisha.

Kazi yangu ni mambo ya lishe. Naishi Masasi, na kila Alhamisi napanda kuja huku juu. Mwaka huo mvua ilikatika mapema, mahindi yakanyauka, ukabaki muhogo mchungu, ambao hauogopi ukame. Wenye maji mengi huuroweka muhogo wa namna hiyo siku tatu kabla ya kuula. Huku uwandani ndoo ya maji inapandishwa kutoka bondeni kichwani, hakuna anayeweza kuimwaga kwenye muhogo. Wanaumenya, wanaukausha kuwa makopa, wanatwanga, wanapika.

Kwa hiyo wiki tatu nyuma nilisimama mbele ya kina mama katika ofisi ya kijiji nikawafundisha njia ya maji kidogo. Niliwaambia kwamba sumu ya muhogo imefungwa pamoja na sukari, na ikiwa imefungwa hivyo haitoki. Muhogo huo huo una kimeng'enya, kitu kinachofanya kazi kama mkasi, chenye uwezo wa kukata kile kifungo. Katika unga mkavu mkasi na kifungo havikutani. Ukitia maji vinakutana, mmenyuko unaanza, na sumu inafunguka na kuruka hewani ikiwa gesi. Unaweka unga kwenye beseni, unapiga mstari wa mkaa mahali ulipofika, unatia maji kidogo kidogo na kukoroga; unga hushuka kwanza, unaendelea mpaka unga uliolowana urudi kwenye mstari ule. Kisha unautandaza mwembamba kwenye ungo. Juani saa mbili zinatosha, kivulini saa tano, na unapikwa siku hiyo hiyo.

Mama mmoja aliuliza kwa nini juani ni haraka zaidi.

"Joto linaharakisha," nilijibu. Watu walikuwa wengi na sauti yangu ilikuwa imeanza kutetemeka. Nikakaa.

Sikusema joto gani. Mkasi ule hauvumilii moto. Unga ukipata joto la kikaango kabla kazi haijaisha, mkasi unaharibika na kifungo kinabaki kizima. Unga unanukia vizuri, na sumu imo ndani inasubiri kuliwa.

"Bibi, umeanza lini kuukaanga?"

"Tangu ukungu uanze. Leo siku ya tisa."

"Sia anaula?"

"Sasa ale nini?"

Sia ni mjukuu wake, ana miaka saba. Baba yake, Kasiani, anafanya kazi Mtwara. Mtoto alikuwa amekaa kizingitini, kajifunika kitenge mpaka kidevuni.

"Huyo usimwangalie," bibi alisema. "Tangu jana miguu imechoka. Ukimtuma maji, miguu. Ukimwita kula, miguu imepona."

Bibi alikuwa anatania. Mimi niliwaza kingine. Chuoni tulionyeshwa picha za watoto waliokula muhogo mchungu wiki kadhaa bila kitoweo cha maana, wakaamka asubuhi moja miguu imekakamaa. Ugonjwa huo hauui, lakini miguu hairudi tena kama ilivyokuwa.

Nilimwomba Sia asimame, akasimama. Nilimwomba atembee mpaka kwenye kinu, akatembea polepole huku akinitazama. Tulimpeleka zahanati, mganga akamgonga magoti kwa kinyundo chake, akasema haoni kitu ila tumwangalie siku mbili tatu.

Njiani kurudi nilitembea nyuma ya bibi. Ningeweza kunyamaza, nikamwachia sembe na kumwambia tu kwamba unga ule umeungua. Nilikuwa nimeshaipanga hata sentensi yenyewe.

"Bibi," nilisema, "moto unaharibu dawa ya unga. Nilipaswa kuwaambia siku ile. Sikusema. Kosa ni langu."

Alisimama. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Yaani nimemlisha mtoto sumu kwa mkono wangu."

"Bado hatujui. Nitapima. Kesho nitakuja na jibu."

"Kesho," alisema, akaushika mkono wa Sia.

Nyumbani kwake nilitoa vipimo vyangu mkobani, nikachukua unga wake wa kukaanga nikautia katika kichupa kimoja, na unga wa kinuni ambao haujaguswa na maji nikautia katika kingine. Katika kila kimoja niliweka kikaratasi cha duara chenye kimeng'enya chake, ili hata sumu iliyobaki imefungwa ifunguke, nikadondoshea maji, nikatumbukiza kipande cha karatasi ya njano, nikafunga kwa nguvu. Gesi ya sumu ikiigusa karatasi hiyo, inageuka kahawia. Kadiri gesi inavyozidi, ndivyo kahawia inavyokolea.

Majibu yanataka siku nzima mahali penye joto, na huku juu Newala kulikuwa na baridi. Nilivifunga vichupa kwenye khanga, nikavipakata. Dastani, kijana wa bodaboda anayenipeleka stendi, alinitazama kwenye kioo chake.

"Dada, umebeba mayai?"

"Hapana. Endesha taratibu tu."

"Sasa nikiendesha taratibu mayai yataanguliwa njiani."

Siku nyingine ningecheka.

Masasi kulikuwa na joto kama kawaida yake, miamba inarudisha jua la mchana kutwa. Niliviweka vichupa juu ya kabati, nikalala nimegeukia ukutani. Asubuhi nilipika chai, nikaiacha ipoe. Mchana saa nane, muda ulipotimia, nilivishusha.

Nilianza na unga wa kinuni. Karatasi ilikuwa kahawia iliyokolea, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Basi vipimo vilikuwa vizima, na muhogo wa bibi ulikuwa mkali kuliko nilivyodhani. Nikakifungua kichupa cha pili.

Niliitoa karatasi. Niliiweka juu ya kipande cha rangi za kulinganishia, nikaihamisha dirishani, nikaiweka tena. Ilikuwa njano, ile ile ya kwanza kabisa. Nilikaa sakafuni nikalia kidogo, kisha nikavaa viatu.

Gari la mwisho la kupanda lilinifikisha Mnyambe kabla giza halijaingia. Bibi alikuwa uani, hasuki ukili wala hachambui mboga, amekaa tu. Nilimpa karatasi zote mbili.

"Hii ya kahawia ya nani?"

"Unga wa kinuni, kabla ya maji."

"Na wangu?"

"Hiyo nyingine."

Aliiinua kwenye mwanga, akafunga jicho moja, akaitazama muda mrefu.

"Njano," alisema. "Kama kiini cha yai la kienyeji."

"Ndiyo, bibi."

"Kwa hiyo sikumlisha."

"Hukumlisha."

Alishusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa pindo la khanga, akainuka kwenda kumwinjikia Sia uji ambao hakuna aliyeuomba. Mimi furaha yangu ilikuwa na swali ndani yake. Nilimwomba anieleze anavyofanya, toka mwanzo, bila kuruka kitu.

"Nikiamka, saa kumi na mbili, nalowesha. Mstari wa mkaa kama ulivyosema. Nautandaza kwenye ungo, nauweka barazani. Halafu nawasha moto."

"Saa kumi na mbili hiyo hiyo?"

"Nimesema nawasha. Sikusema unawaka." Aliniashiria kuni zilizoegemezwa ukutani, magogo ya mkorosho uliopunguzwa majuzi, meusi kwa umande. "Mwanangu, zile kuni ni adhabu. Napiga kiberiti, zinatoa povu. Napuliza mpaka naona nyota. Naziacha, naenda kulima, narudi, napuliza tena. Zikishika mapema sana ni saa tisa alasiri."

"Na unga muda wote huo?"

"Uko kwenye ungo unaningoja. Utaenda wapi?"

Nilianza kucheka nikashindwa kujizuia. Kutoka saa kumi na mbili mpaka saa tisa ni saa tisa nzima. Kwenye baridi ile mkasi ulikata polepole, ukataka zaidi ya zile saa tano za kivuli cha kawaida, lakini ulikuwa na muda wa kutosha na wa kubaki. Moto ulipofika, sumu ilikuwa imekwisha ruka, kikaango hakikuwa na cha kuharibu. Na kuni nazo zilikuwa na shida ya namna hiyo hiyo, kwa sababu kuungua pia ni mmenyuko na lazima upewe nguvu ya kuuanzisha. Kila njiti ya bibi ilimaliza joto lake kwenye kukausha maji ya kuni, halafu ikazimika.

Nilimweleza hivyo. Alizitazama kuni zake kwa macho mengine.

"Nami nilivyokuwa nazitukana."

"Ukungu ukiondoka zitakauka, bibi. Zitashika saa hiyo hiyo. Usikaange tena."

"Nikaange ya nini? Muda ninao. Kisichokuwepo ni maji." Akageuza kichwa. "Sia. Hebu njoo umwambie dada kuhusu hiyo miguu."

Sia alitoka na bakuli la uji. Alitazama chini.

"Tulicheza rede, kukimbia na kukwepa mpira. Mimi na Mabel. Mapumziko yote."

"Siku ngapi?"

"Kila siku," alisema kwa sauti ndogo. "Na sikutaka kwenda bondeni."

Bibi alimnyooshea kidole, halafu akakirudisha mapajani.

Alhamisi iliyofuata nilisimama tena mbele ya kina mama. Nilisema kwamba mara ya kwanza nilieleza nusu, na nusu iliyobaki ingeweza kuumiza mtoto wa mtu. Bibi Bertila alikuwa safu ya nyuma.

"Paza sauti," alisema. "Huku tunasikia kifaranga."

Nikapaza. Jua huharakisha, moto unaharibu. Siku ya ukungu ongezeni muda, msiongeze moto. Mama mmoja aliuliza, je, ukungu ukikaa mpaka jioni?

Nilibaki nimesimama, nikamjibu mpaka mwisho. Nje, Sia alikuwa ameshika mpira wa rede mkononi, anamkimbiza Mabel kuzunguka ofisi ya kijiji, na kila alipopita mlangoni nilimtazama miguu.