Orodha Ikiisha

Aliyeunganisha simu na kompyuta ni mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilichimba huku nikiimba.

Karakana ya Mjomba hutengeneza meno ya bandia. Madaktari wa meno hutuletea vipimo vya vinywa vya wagonjwa wao, nasi tunamwaga plasta, tunapanga meno kwenye nta, tunatengeneza ufizi, tunang'arisha. Tuko wawili tu. Miaka yote kazi zilikuwa zikiandikwa kwenye daftari, mpaka nikachoka kusoma maandishi yaliyofunikwa na plasta nikazihamishia kwenye kompyuta iliyo mezani kwa Mjomba. Shida ikawa nikiwa kliniki. Kompyuta iko karakanani, mimi niko huko natumia kichwa, na siku moja kichwa changu kilimpa mwalimu mstaafu meno ya muuza magodoro. Mwalimu wa watu aliyavumilia siku mbili, kwa adabu tu.

Basi nikatafuta programu ya orodha, nikaiweka kote kuwili. Nikiandika kwenye kompyuta, simu inapata. Nikiweka tiki kwenye simu, kompyuta nayo inaweka. Mjomba alifurahi kama mtoto. Kila kazi ikiisha aliweka tiki mwenyewe, akasogea nyuma na kiti aitazame vizuri.

Kosa langu ni kwamba nilitumia akaunti moja, ya kwangu. Orodha zangu zote zikahamia mezani kwa Mjomba, hata ile niliyoipa jina la "Yangu". Niliijua hatari hiyo nikaipuuza. Nilijiambia mzee anayeandika kwa kidole kimoja hawezi kufika huko.

"Yangu" ilikuwa na mambo matatu. Kuchukua vyeti vyangu kabatini. Kuijibu maabara, mwisho Alhamisi saa kumi na moja jioni. Kumwambia Mjomba. Maabara yenyewe ni kubwa, iko mji mwingine, ina mashine zinazochonga meno mtu ukiwa umekaa, na walikuwa wamenikubalia kazi. Vyeti nilishavichukua. Lile la tatu lilikuwa limepitwa na tarehe siku thelathini, limeiva wekundu.

Jumatatu nilikuwa kliniki, nasubiri daktari anisainie mzigo, simu ikatetemeka. Lile la "Kumwambia Mjomba" lilikuwa limewekwa tiki.

Nikashika shavu. Daktari aliniuliza kama ninaumwa jino.

Niliporudi, Mjomba alikuwa anachonga nta, kainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nimeshaambiwa, nikaona niweke tiki. Au nimekosea?"

"Hujakosea. Nilitaka nikwambie mwenyewe."

"Siku thelathini ulikuwa unatafuta mate ya kumeza?"

Yeye na mkewe, ambaye mimi nilimwita Mama, walinichukua nina miaka sita. Meno yangu ya utoto yaling'oka mikononi mwao. Kutoroka ningeweza, miguu ninayo. Lakini kuondoka bila radhi ya aliyenilea, hilo sikuliweza, na yeye alijua siliwezi.

"Sikuzuii," akasema hatimaye. "Ila usiniachie viporo. Maliza kazi zilizomo kwenye orodha. Orodha ikiisha, nenda, na radhi yangu unayo."

"Kweli, Mjomba?"

"Ahadi ni deni, mwanangu."

Zilikuwa kazi kumi na tisa. Nilizihesabu nikacheka kwa furaha. Siku nne, kazi kumi na tisa, nyingine za kung'arisha tu! Nilifanya kazi kama niliyepagawa. Jumanne saa sita mchana zilikuwa zimebaki kumi na moja. Nikaenda kunawa plasta, nikarudi, nikakuta kumi na nne, tatu mpya chini:

"Panga visu vya nta kwa ukubwa. Futa vumbi juu ya feni. Andika majina upya kwenye masanduku ya vipimo."

Nilidhani ni mazoea yake ya kukumbuka mambo mwishoni. Nikapanda ngazi, nikafuta feni. Nilipokuwa huko juu simu ikatetemeka mfukoni: futa na taa. Nikachungulia chini. Mjomba alikuwa mezani, ametoa ulimi kidogo pembeni, kidole kimoja hewani kinatafuta herufi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Cha Mjomba kilikuwa kinanivunja mimi.

Nilijaribu kuzifuta kazi zile kwenye simu, naye akaziandika tena moja moja, kwa subira. Nikazima intaneti ya simu nikapata saa mbili za amani, kisha nilipoiwasha zikaingia saba kwa pamoja. Nikafikiria kuitenganisha simu na kompyuta kabisa. Ingekuwa kujidanganya. Mezani kwake zingeendelea kuwepo, na ahadi ilihusu za mezani kwake.

Jumatano nikamkabili.

"Mjomba, hii ni haki?"

"Nilisema orodha ikiisha. Nilisema nani anaandika?"

"Unanifunga kamba."

"Kamba uliinunua wewe, mpwa wangu. Mimi nilikuwa na daftari langu." Akacheka, na mimi, mjinga, nikacheka naye. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Alhamisi sikula mchana. Nilichonga, nikasaga, nikang'arisha, nikapanga, nikafagia, na simu nikaiegemeza kwenye gudulia la maji niione. Tano. Tatu. Nne. Mbili. Mjomba alikuwa anaishiwa. Aliniambia nihesabu viti, navyo ni vitatu. Saa kumi na robo nikaweka tiki ya mwisho, na orodha ikawa nyeupe.

Nilisimama nikiitazama. Dakika moja. Mbili. Hakuna kitu. Nikaitafuta namba ya maabara. Nilikuwa nimeshaiweka mbele yangu, kidole changu kiko juu yake, simu ilipotetemeka.

"Seti ya chini ya Mama. Inambana. Ilegezwe."

Mama tulimzika mwaka juzi. Alizikwa bila meno yale kwa kuwa hakuna aliyekumbuka, na tangu siku hiyo yalikuwa kwenye glasi chumbani kwa Mjomba. Sasa yalikuwa mezani, kando ya kompyuta, juu ya kitambaa safi.

Nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia, nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake nikiwa na maneno makali tayari mdomoni. Hakugeuka. Shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoizoea, na kola ya koti la kazi ilikuwa imekunjika ndani, upande mmoja, kama kawaida ya mtu asiye na wa kumkunjulia.

"Mjomba," nikasema, "hii siwezi kuimaliza."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimeiandika."

Nikamkunjulia kola. Saa kumi na moja ya maabara ilipita mkono wangu ukiwa bado begani kwake.