Pini ya Kioo cha Daktari Mumbere

Sebit alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Namuwongo, karibu na reli, na kwa miaka ishirini alimkataza mkewe, Sitti, kutazama moto wake. Kwa hiyo asubuhi moja Sitti aliposema anaona cheche jichoni, alimgombeza kwanza.

"Umetazama tena!"

"Sijatazama, Baba Jafar. Hata nikifumba naziona. Na upande huu kuna kitu kama moshi, kinapanda."

Hasira ikamwisha papo hapo. Jicho moja la Sitti lilikufa kwa surua tangu utotoni. Hili lenye cheche ndilo pekee alilobaki nalo.

Hospitalini walipokewa na Daktari Mumbere, kijana mpole kutoka milima ya magharibi. Alimpima Sitti kwa makini. "Utando wa nyuma ya jicho umechanika," alisema. "Usipozibwa wiki hii utabanduka wote. Mashine ya kuuchomelea ninayo, lakini ni mbovu."

"Kuchomelea? Jichoni?"

"Kwa mwanga, Mzee. Unaitwa leza."

Akawaonyesha. Mashine yenyewe haikutikisika. Mwali ulitoka umenyooka na kugonga kioo kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Daktari alikigeuza kioo kwa kijiti, na mwali ukafuata alikotaka. Lakini pini iliyoshika kioo ilikuwa imelika, kikawa kinachezacheza. Wageni walioileta mashine walikwisha kuondoka nchini, na pini mpya iliagizwa ng'ambo tangu mwaka jana, mwaka wa sabini na tatu. Haijafika.

"Kioo kikiteleza kiasi cha unywele," alisema daktari, "nitachoma pale penye kuona. Nitampofusha kwa mkono wangu."

Daktari aliichomoa pini, na Sebit akaiweka kiganjani. Haikuwa kazi ya moto wake. Ilitaka mashine ya kukerezea na mtu mwenye subira, na mtu huyo alimjua: Opoka, rafiki yake wa zamani, wa karakana ya reli.

Njiani alipunguza mwendo. Opoka alikuwa Mwacholi. Miaka miwili nyuma kaka yake, Okullo, alichukuliwa kambini na askari wenzake kwa sababu ya kabila lake, asionekane tena. Sebit hakuwa askari, lakini alikuwa Mnubi, wapwa zake walivaa sare ya jeshi hilo, na siku hizo Mnubi akipita watu walishusha sauti. Hakwenda kumpa Opoka pole. Kila wiki alisema kesho, mpaka aibu ikamzibia njia.

Opoka alizima mashine alipomwona. "Miaka miwili, Sebit."

"Miaka miwili. Niliogopa. Sina neno lingine."

Opoka alifuta mikono kwa tambara, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akaitazama ile pini. "Ya nini hii?"

Sebit akaeleza yote: utando, mwali, kioo. Opoka aliipima, akaipima tena. "Chuma chake laini, ndiyo maana kimelika. Ngoja nitafute kigumu."

Akaacha chakula chake cha mchana kikapoa. Pini ya kwanza aliitupa, na ya pili pia, ingawa Sebit hakuona kasoro. Ya tatu aliibingirisha juu ya kioo cha dirisha kuona kama imenyooka, akaikubali. "Mwambie daktari asipake grisi. Tone moja la mafuta ya cherehani latosha."

Kesho yake Daktari Mumbere aliitia pini, akajaribu kwanza kwenye karatasi nyeusi. Vitobo vikajipanga mstari mmoja kama mshono. Akapumua. "Mzee, mshike mama kichwa asitikisike."

Sebit alimshika kisogo kwa mkono mmoja, wa pili akampa ashike. Yeye akichomelea mkono wake husogea pamoja na moto. Hapa hakuna kilichokaribia jicho, kioo tu kiliinama na kuinuka, na kila mara Sitti aliminya kidole cha mumewe. Mara thelathini na sita. Sebit alizihesabu zote kwa alhamdulillahi.

Baada ya wiki mbili daktari alimpima akacheka kwa furaha. Mpasuko ulikuwa umeziba, moshi umekoma pale ulipofika. Na katika wiki hizo alikuwa amewatibu wengine watano waliokuwa wakingoja benchini.

Jumapili Sitti alisuka nywele, akapika gurusa, chapati nyembamba za Kinubi, akamtangulia mumewe mpaka kwa Opoka. Alisimama mlangoni akimtazama mwenye nyumba kwa muda mrefu.

"Shemeji, nimekuja kukuona," alisema. "Kukuona hasa. Mungu akulipe, maana mimi siwezi."

Opoka akainamisha kichwa. "Kazi yangu hiyo, mama."

"Kazi yako ungeweza kutunyima," alisema Sebit. Akamsogelea. "Ndugu yangu, pole kwa Okullo. Nimechelewa sana. Kama hutajali, tuambie alikuwa mtu wa namna gani."

Akidi, mke wa Opoka, alitoa viti nje. Opoka akavuta chake karibu nao, akakaa, akaanza kusimulia tangu siku kaka yake alipomfundisha kuogelea.