Sweta la Doto

Kabla jogoo hajawika nilisikia komeo la sanduku la bati likivutwa polepole, kama mtu anayeogopa kuliamsha. Nikabaki nimelala, nikasikiliza. Sanduku hilo linakaa chini ya kitanda cha wajukuu wangu, Kulwa na Doto, na ndani yake ziko sare zao za shule. Ilikuwa Jumamosi. Mwenye safari ya shule siku hiyo alikuwa Doto peke yake, na Doto huburuta kandambili zake hata akiambiwa asiburute. Aliyekuwa anatembea chumbani hakuburuta.

Nikaelewa: aliyeamka ni Kulwa.

Wajukuu wangu ni mapacha, wanafanana kama punje za mahindi. Hata mama yao, Salome, anayeuza dagaa Chato, akipiga simu huuliza kwanza anaongea na nani. Walimu wao hapa Nyarugusu huwatambua kwa sweta. La Doto lilichanika kiwiko, nami nikalishona kwa uzi wa bluu kwa sababu wa kijani ulikuwa umeniishia. Basi mwenye uzi wa bluu ndiye Doto.

Shule yao ni ndogo. Tuliijenga wazazi wenyewe, kila nyumba ikatoa tofali ilizoweza. Wanafunzi wametoka kila upande. Wapo watoto wa wafanyabiashara wa mjini, waliozungumza Kiingereza tangu chekechea. Wapo wa wakulima wa Ushirombo, waliopanga vyumba wakijipikia. Na wapo watoto wa wachimbaji, ambao muhula huu wapo na muhula ujao hawapo, maana wazazi wakisikia dhahabu imetema mahali pengine wanafunga mizigo. Wote wanakaa darasa moja na kujibu mtihani mmoja.

Mwaka jana matokeo ya kidato cha nne yalikuwa mabaya, shule ikashika mkia. Bodi ikaamua kwamba mwaka huu mwenye wastani chini ya arobaini na tano hataandikishwa kufanya mtihani wa taifa hapo, akatafute kwingine. Kulwa alivuka. Doto alibaki chini, hesabu ndizo zilizomvuta. Akapewa nafasi ya kurudia mtihani wa hesabu, mara moja tu, Jumamosi hiyo. Na kwingine hakuna. Shule gani inapokea mtoto wa kidato cha nne mwezi wa pili? Doto mwenyewe alishaniambia akitolewa ataenda kuponda mawe na akina mama wa machimboni. Alisema bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha.

Niliamka nikawasha moto, nikachemsha chai. Wakatoka wote wawili. Mmoja alikuwa na gauni la nyumbani. Mwingine alivaa sare, na sweta lenye uzi wa bluu.

"Kulwa," nikasema, nikinyoosha kikombe, "shika chai, ya moto."

Mwenye sweta akakipokea. Kisha akakumbuka, akabaki amekishika hewani.

"Bibi, umejuaje?"

"Nimewalea. Vua sweta la mwenzako."

"Mimi nikikaa saa mbili tu, yeye anabaki mwaka mzima. Ubaya uko wapi? Tumbo moja tulikaa wawili."

"Tumboni hakukuwa na mtihani."

Doto akataka kucheka, kikatoka kilio. "Nitafeli, bibi. Hesabu nazijua. Ila swali lenyewe, kile Kiingereza, kinanizungusha mpaka muda unaisha. Mwalimu Zuleha amenifundisha kila jioni, lakini nikiwa peke yangu naogopa."

"Uogope ukiwa umekaa kwenye kiti chako," nikamwambia. "Na wewe Kulwa, mwezi wa kumi na moja, kwenye mtihani wa taifa, utavaa sweta la nani?"

Kulwa akavua, akalitupa kitini. Doto akalivaa, akaondoka bila kumaliza chai.

Asubuhi nzima Kulwa hakunisemesha. Alikaa kwenye mkeka akibangua karanga kwa hasira, maganda yakiruka huku na huku. Lakini niliona anatenga zile nene kwenye bakuli dogo.

"Hizo za nani?"

"Za Doto," akasema, bila kuniangalia.

Jumatatu nikapigiwa simu. Mkuu wa shule, Mwalimu Apolinari, alitaka niende sasa hivi. Nilipofika niliwakuta mapacha wamesimama ofisini kama washitakiwa. Mwalimu Zuleha, yule wa hesabu, alikuwa kando ya kabati.

"Shikamoo, mama," mkuu akasema.

"Marahaba, mwalimu."

"Doto amepata sitini na nane." Hakusema kwa furaha. "Juzijuzi alipata thelathini. Sasa nakuuliza, Jumamosi alikuja nani hapa?"

"Alikuja Doto."

"Mama, mimi nina watoto watu wazima. Niambie ukweli. Hawa hawakupanga kitu?"

Doto alinitazama. Kulwa alitazama sakafu. Ningeweza kusema hapana, na pengine tungekwenda nyumbani. Lakini nilikuwa nimemvua mmoja sweta kwa sababu ya uongo. Ningeuvaa mimi?

"Walipanga," nikasema. "Kulwa alishavaa sweta la mwenzake. Nikamvua. Aliyekuja ni Doto."

Mkuu akapiga meza. "Umesikia, Mwalimu Zuleha! Walipanga!"

"Nimesikia. Angetaka kutudanganya angesema hapana."

"Au ametupa nusu, nusu nyingine kaificha."

Maneno yale yaliniuma. Mwalimu Zuleha akanisogezea kiti nikae, kisha akamgeukia mkuu. "Tuwape swali moja wote wawili, sasa hivi. Wakiliweza wote, ubishi umekwisha."

"Nachagua mimi. La Kiingereza, refu. Akishindwa mmoja, jina la Doto silipeleki."

Wakakalishwa kila mmoja pembe yake, wamepeana mgongo. Mkuu akafungua kitabu, akanakili swali kwenye karatasi mbili, akawagawia. Sikuelewa hata neno, ila niliona urefu wake, nikashika ukingo wa kiti.

Kulwa alimaliza mapema. Akaweka kalamu chini, akageuza uso ukutani, akafunga na macho, asije akasingiziwa kwamba anampa mwenzake ishara. Mtoto yule anayeongea siku nzima, akakaa kama jiwe.

Doto hakuwa ameandika kitu. Alikuwa anapigia mstari neno moja moja, midomo ikitembea. Nje, watoto waliokuwa mapumziko walipiga kelele. Nilimwona anafuta. Anaanza tena. Anakwama. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Muda," mkuu akasema.

"Mwalimu, hatukuweka muda," Zuleha akajibu taratibu.

Mkuu akanyanyuka. Nilidhani anakwenda kumnyang'anya karatasi. Akapita, akafungua mlango. "Nyie! Mkachezee kule nyuma!" Akaufunga polepole, akarudi kukaa. Nikamshukuru moyoni.

Mwishowe Doto akainua mkono. Mkuu akazichukua karatasi mbili, akasoma moja haraka, ya pili polepole. Akarudia.

"Kulwa amepita njia ya kitabu. Huyu amezunguka weee, kama anakwenda Geita kupitia Kahama."

"Amefika?" nikauliza.

Mkuu akavuta droo. Akaitafuta karatasi ya Jumamosi, akaiweka pembeni ya ile mpya. Mwalimu Zuleha akainama naye. Kwenye zote mbili maneno yalikuwa yamepigiwa mstari moja moja, na hesabu imezunguka vilevile.

"Amefika," mkuu akasema. "Na Jumamosi alikuwa yeye." Akavua miwani. "Doto, jina lako naliandikisha leo."

Doto alikaa chini sakafuni, sweta na yote. Kulwa akamwinua. "Simama, utachafua kiwiko cha bibi."

"Wabeja, mwalimu," nikamshukuru kwa Kisukuma. Kisha nikajikaza. "Na wale wengine waliobaki chini? Pengine nao wanajua hesabu, Kiingereza ndicho kinawazungusha."

Mkuu akavaa tena miwani. "Bodi haitafurahi. Lakini nitawasemea."

Nilifungua kitambaa changu, nikatoa zile karanga nene za Doto, zilizokwisha kukaangwa. Nilitaka kumpa Mwalimu Zuleha kwa zile jioni zake. Akachukua kidogo, akampitishia mkuu. Naye akachota, akatafuna, akanisindikiza mpaka getini.

"Mama, nilikuita mwongo. Unisamehe."

"Ulikuwa unalinda shule."

Akachezea komeo la geti, hakulifungua. "Wazazi hapa wanakuja tukiwaita kwa makosa tu. Wewe uje tena kututembelea. Hata kesho. Uje bila kuitwa."