Pikipiki Iliyotoka Bandani

Harufu ndiyo iliyomkaribisha Mama Mitumba, mwenye mali akafuata. Hata kabla hajagusa lango la yule mfugaji wa kuku, alikuwa ameshaziba pua kwa ncha ya mtandio. Ndani ya banda, katikati ya matetea yaliyokuwa yakigombania pumba, ilisimama pikipiki ndogo, kuukuu, imepinda kioo kimoja. Jogoo alikuwa amekaa juu ya usukani, amefumba jicho kama dereva aliyechoka na safari. Kiti hakikuonekana. Kilichoonekana ni mavi, makavu juu na mabichi chini, yamepandana kama matofali.

"Ndiyo hiyo," mfugaji alisema bila hata chembe ya aibu. "Ina miaka mitatu haijatoka. Ukiisafisha, mama, utanishukuru."

"Nikiisafisha nitatapika kwanza."

"Mavi ya kale hayanuki!" Mfugaji akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

Yalikuwa yananuka. Mama Mitumba aliwaheshimu wahenga, lakini siku ile alijua kwamba aliyesema maneno hayo hakuwahi kufuga kuku.

Hata hivyo alinunua. Yeye maisha yake yote alikula kwa kitu hicho hicho: kununua kilichowatia wengine kinyaa, kukifua, kukipiga pasi na kukiuza. Mashati yenye jasho la watu asiowajua yalipita mikononi mwake yakatoka yakiwa kama ya dukani. Pikipiki nayo si nguo tu, yenye magurudumu? Shemeji yake, mdogo wa mume wake, fundi pikipiki ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, alikuwa amemhakikishia: "Injini nzima kabisa, shemeji. Ikipata sabuni, bei inaruka mara mbili." Basi akatoa pesa ya mtaji, ile aliyoiweka kwa ajili ya robota jipya la nguo. Marobota yangeshushwa Ijumaa. Asipouza pikipiki kabla ya hapo, meza yake sokoni ingekaa tupu.

Alisugua siku nne. Alianza na kisu butu, akaja na brashi ya kufulia, akamaliza na mswaki. Utitiri ulimpanda mikononi mpaka kwenye nywele. Chini ya kiti alikuta kifaranga kilichokauka, kimelala bapa kama kadi, manyoya yamegandana na grisi. Alipofungua kisanduku cha vifaa, yai viza lililokuwa limesahauliwa humo likapasuka, majimaji ya kijani yakamrukia kifuani. Akakimbilia ukutani, akainama, akatoa chai yote ya asubuhi.

"Ee Mungu wangu," aliomba huku amejishika magoti, "pua umenipa wewe. Nipunguzie kidogo mpaka Ijumaa."

Pua haikupunguzwa. Mikono ndiyo iliyomtesa zaidi. Aliiosha kwa limau, kwa majivu, kwa sabuni ya unga, lakini kila alipoikunja mbele ya uso kusali, harufu ya banda ilipanda nayo. Mwishowe akawa anasali ameiweka mgongoni, kama mtu aliyekamatwa.

Mume wake alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani. Siku hizo alikula amempa mgongo. "Kaa upande ule mama, upepo unaleta habari zako."

Siku ya tatu yeye naye akapata msiba wake. "Kandambili yangu ya kushoto iko wapi?" Akatafuta chini ya meza, chini ya kitanda, hata ndani ya ndoo. Ikambidi akanyage pedeli ya cherehani kwa mguu mmoja wenye kandambili na mmoja mtupu, akilalamika kwamba chuma kinamla unyayo.

"Labda mbwa," alisema Spana, ambaye alikuwa pale anakunywa chai. "Mbwa wa mtaa huu hawana adabu."

"Breki umeshaweka mpya?" Mama Mitumba alimuuliza.

"Shemeji, breki zile sasa hivi zinashika kama kupe."

Alhamisi mnunuzi akaja. Alikuwa muuza mikate, mtu mzima aliyenyoa vizuri, shati jeupe. Hakuwasha injini. Aliinama, akaweka pua kwenye kiti, akanusa. Akanusa chini ya tangi. Akanusa kibebeo cha nyuma.

"Msinicheke," alisema. "Mkate unanyonya harufu. Niliwahi kupewa pikipiki iliyobeba samaki, nikazomewa mwezi mzima." Akanusa tena, akatabasamu. "Sabuni tu! Dada, mtu anayesugua hivi hawezi kuwa na cha kuficha. Ilikuwa inabeba nini?"

Mama Mitumba akafungua mdomo.

"Mwalimu," Spana akadakia. "Mwalimu mmoja msafi sana. Anakwenda shule, anarudi, basi."

Mama Mitumba akafunga mdomo. Na hapo ikawa kama yai lile viza limepasukia ulimini mwake. Alimeza mate mara mbili, ladha haikutoka.

Muuza mikate akapanda, akaipandisha pikipiki mpaka juu ya mtaa, akateremka nayo akibana breki ya nyuma. Ilishika vizuri. Akapanda tena, akateremka. Mara ya tatu alifika pale barazani na harufu imemtangulia: raba inayoungua, tamu na chungu kwa pamoja. Yeye akadhani ni takataka za jirani. Lakini Mama Mitumba aliijua. Ni harufu ya kandambili ikiangukia kwenye jiko.

Akautazama mguu mtupu wa mume wake juu ya pedeli. Akamtazama Spana.

"Spana. Kandambili ya kaka yako iko wapi?"

Spana akamvuta pembeni. "Shemeji, taratibu. Breki shuu zilikuwa zimelika mpaka chuma. Nimegundishia kipande tu, kinashika siku mbili tatu. Akishalipa, shauri lake."

"Akishalipa atakuwa anateremka mlima na mikate nyuma!"

"Na wewe Ijumaa utapanga nini mezani, hewa?"

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Muuza mikate alikuwa ameshatoa bahasha mfukoni. Mama Mitumba alitamani kuikunja mikono yake aombe, akakumbuka inavyonuka. Akasema bila kuomba.

"Kaka, rudisha pesa yako. Hiyo haikuwa ya mwalimu. Ilikuwa inalaliwa na kuku miaka mitatu. Nimetoa kifaranga kilichokufa chini ya hapo ulipoweka pua. Na breki zake ni za uongo." Akageuka. "Fungua gurudumu."

"Shemeji..."

"Fungua!"

Spana akafungua huku anasonya. Kile kilichotoka ndani hakikuwa na sura: kipande cha bluu kilichoyeyuka, kikanata kwenye breki shuu kama ubani uliotafunwa na kutemwa. Fundi cherehani akaacha kazi, akaja akichechemea, akakiinua kwa vidole viwili.

"Hii ni yangu," alisema. "Ni kisigino. Huku mbele kuko wapi?"

Spana akatazama gurudumu la mbele.

Muuza mikate hakumshukuru mtu. Alijifuta pua kwa mkono wa shati lake jeupe, akatema mate, akajifuta tena. "Nimenusa hapo! Nimeweka na mdomo karibu! Mikate, jamani, mikate!" Akaenda zake akitema mtaa mzima.

"Umejimaliza mwenyewe," Spana alisema.

"Ondoka kwangu," Mama Mitumba alimjibu, "kabla sijakupaka lile yai."

Ijumaa marobota yakashushwa. Wenzake walikata kamba, wakarukia magauni na makoti, na yeye akakaa nyuma ya meza tupu akipangusa mbao ambazo hazikuwa na vumbi. Mtu akimuuliza, alisema, "Nimepumzika leo." Pikipiki alikuwa ameipeleka kwa fundi mwingine, ikawekwa breki mpya mbele na nyuma, kwa pesa ya kukopa kwa mume.

Jumatatu mtu akabisha hodi. Alikuwa na buti hadi magotini, na alikuja na harufu yake mwenyewe, nzito kama gunia. Aliuza mbolea ya samadi.

"Muuza mikate ndiye kanituma. Kasema kuna pikipiki ya mavi ya kuku, na mwenyewe anasema hivyo hivyo, hafichi." Akainama, akanusa kiti, akainuka kama aliyedhulumiwa. "Mbona hainuki?"

Alilipa bila kubishana sana. Mama Mitumba akamrudishia mume pesa ya breki, akaweka mtaji pembeni kungojea robota lijalo. Faida iliyobaki ilitosha jozi moja ya kandambili.

Usiku ule alikunja mikono mbele ya uso, akavuta pumzi. Bado ilinuka kidogo. Akasali hivyo hivyo.

Na Spana alipokuja kunywa chai kesho yake, kaka yake alizivua zile kandambili mpya, akazikalia.