Betri Mpya ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Alipostaafu, sauti yake haikustaafu naye. Baadaye moyo wake ukaanza kusuasua, madaktari wakampachika pesimeka, kidude cha chini ya ngozi, karibu na bega, kinachouamsha moyo ukizembea. Tangu siku hiyo alitutawala kwa mkono mmoja tu: ule anaouweka kifuani.

Ukimwambia anakosea, mkono kifuani. Mume wangu akitaja kuhama, mkono kifuani, macho darini kama mtu anayeaga. Wifi yangu alipochumbiwa na fundi magari, mama hakukataa. Alikaa chini polepole, akaomba maji. Uchumba ukafa. Yeye akamaliza maji, akaomba na chai.

Mwaka huu kliniki wakasema betri inakaribia kwisha. Nilimpeleka mimi, maana wanawe waliogopa. Daktari akatueleza: betri imo ndani ya kidude, kwa hiyo kitatolewa chote na kuwekwa kipya. Atachomwa ganzi pale begani tu. Siku hiyo aende bila kula.

"Na hasira, daktari?" nikauliza. "Nyumbani hatumuudhi. Hata redio tunapunguza."

Daktari akacheka. "Huyu? Moyo wake una mlinzi, wangu hauna. Muudhini tu kama watu wengine."

Mama mkwe akanikata jicho.

Mimi si mmbea. Nilimwambia mume wangu peke yake, na wifi peke yake, na shemeji kwa simu tu.

Basi siku za kumwandaa mama kwenda hospitali, wanawe walimiminika, eti wanamjulia hali. Mume wangu akamwambia tunahama mwisho wa mwezi. Shemeji akamwambia ule ualimu aliomlazimisha ameshauacha, anauza viatu, na ananenepa. Wifi akaja na fundi magari mwenyewe, shati limepigwa pasi mpaka linasimama.

Mama akapeleka mkono kifuani.

"Mama, daktari alisema..." wifi akaanza.

Mkono ukashuka, ukakosa pa kukaa, ukaishia kukuna goti.

Alitusikiliza wote mpaka tukamaliza. Nilimwonea huruma. Kidogo, kiasi cha kumpigia pasi gauni la kwendea hospitali.

Upasuaji ulikwenda salama. Muuguzi alituambia kwamba mgonjwa, akiwa na ganzi yake begani, aliwafundisha watu wa chumba kile namna ya kukunja shuka.

Tulipomrudisha nyumbani, wote tulikuwa sebuleni, wapole kama kondoo. Akakaa, bandeji begani, akatutazama mmoja mmoja.

"Kumbe siwezi kufa kwa hasira," akasema. "Nami miaka yote hii najibana, nisije nikajiua kwa kuwaambia ukweli. Fungeni mlango."

Alisema mpaka jua likazama. Shemeji alisingizia wateja, akaambiwa akae. Mume wangu alikumbushwa mambo ya darasa la pili. Mimi nilipewa sehemu yangu nzima, bila kupunjwa. Fundi magari peke yake ndiye aliyekuwa akiitikia "ndiyo, mama" kila baada ya sentensi, na ndiye pekee aliyeletewa chai.

Tulihama kweli. Mama hututembelea kila Jumamosi, kwa miguu, na njiani hapumziki.